Majina ya Ukurasa wa Mwisho

Shinyanga,
Jumapili mchana.

Dada yangu Zaina,

Shikamoo. Nakuombea barua hii ikukute mzima, na kifua cha Mama kiwe kimetulia, maana najua baridi ya Lushoto miezi hii haina huruma naye. Shemeji ameshamaliza kuezeka jiko? Mimi mwili hauna neno. Nimekonda kidogo kwa sababu ya malaria, lakini nilishapona na chakula kinapanda. Usimwambie Mama kuhusu malaria.

Umelalamika kwamba nimekaa muda mrefu bila kuandika. Ni kweli, dada. Nimeianza barua hii mara tatu na mara zote nimeichana. Leo naandika mpaka mwisho, kwa sababu Fausta anaweza kufika huko kabla yangu, nami nataka usikie kwangu kwanza.

Unakumbuka tulivyoondoka. Chuo kilipofunga, wanafunzi wachache tuliandikishwa kujitolea kwenye shirika hili linalokopesha akina mama kwa vikundi. Tulikuwa watatu: mimi, Fausta, na msichana wa Kizungu anaitwa Anneke, naye mwanafunzi wa chuo huko kwao. Vikundi vya upande wa Geita vilikuwa vinavunjika kimoja baada ya kingine, na shirika halikujua kwa nini. Kazi yetu ilikuwa kukaa na akina mama, kuwasikiliza, kisha kuandika ushauri. Tulijiona wataalamu. Fausta alikuwa akisema kwa mzaha kwamba tukirudi chuoni walimu watatuamkia sisi.

Nilipangiwa kijiji chenye machimbo ya dhahabu, nikakaa kwa Mama Kulwa, mwenyekiti wa kikundi. Ni mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mikono kama ya fundi seremala. Jina langu lilimshinda, akawa ananiita Lehema. Asubuhi alinifundisha kuwaamkia majirani zake kwa kusema "mwangaluka", na nikikosea alicheka mpaka akakaa chini. Fausta alipanga nyumba ya wageni pale senta, kwenye meza na taa nzuri, kwa kuwa yeye ndiye mpiga chapa wetu. Anneke alikuwa anazunguka kati ya vijiji.

Wiki mbili za kwanza akina mama walinijibu kama watu wanaojibu karani. Wote walisema mkopo umeingia kwenye biashara ya vitenge au mgahawa, kama walivyojaza kwenye fomu. Lakini sikuona vitenge wala mgahawa. Siku moja nikamfuata Mama Kulwa alikokuwa anakwenda kila siku, nikawakuta wenyewe wamekaa kwenye vumbi jeupe wanaponda mawe. Wananunua mawe kwa wachimbaji, wanayaponda kwenye vinu vya chuma, wanaosha ule unga, na kinachobaki wanakiuza. Nikachukua mchi nami nikaponda. Mikono ilitoka malengelenge siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo walinieleza kila kitu.

Shirika linakataza mkopo wake kugusa dhahabu. Wafadhili hawataki. Kwa hiyo akina mama wanadanganya kwenye fomu, halafu wanaogopa kuja mikutanoni wasije wakaulizwa maswali, na mwishowe kikundi kinakufa. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote. Na hao wa mawe ndio waliokuwa wanarejesha vizuri kuliko wengine.

Mama Kulwa alikuwa na siri yake zaidi ya hiyo. Mdogo wa mumewe alifukiwa na shimo miaka ya nyuma, na tangu siku ile Baba Kulwa aliapa kwamba hakuna kitu cha machimbo kitakachoingia nyumbani kwake. Yeye ni mtu wa ng'ombe na pamba, anaondoka alfajiri na kurudi jioni. Mkewe alikuwa anaoga kisimani kwa jirani na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani, ili asimwone na lile vumbi. Alinieleza hayo tukiwa tunachambua mchicha. Nilimwambia, "Mama, jina lako halitatoka kwangu." Nilisema hivyo, dada, bila kulazimishwa na mtu.

Anneke alikuwa ametufundisha kwamba kila mama apewe namba, na maelezo yake yaandikwe chini ya namba hiyo. Majina yenyewe niliyaandika ukurasa wa mwisho wa daftari langu, kila jina na namba yake, ili nisije nikawachanganya. Tulikubaliana sote watatu kwamba ukurasa huo utachomwa kabla hatujarudi Shinyanga.

Ndipo malaria ikanikamata. Fausta alikuja kunichukua kwa baiskeli ya kukodi, akanilaza kitandani kwake, akaninunulia klorokwini, akanikanda kwa maji siku tatu. Nilipokuwa naweweseka aliniitikia kama wewe ulivyokuwa unaniitikia nilipokuwa mdogo. Siku ya nne akaniambia, "Lala, nitamalizia mimi kuchapa." Nikampa daftari. Hata sikuwaza, dada. Ungewaza wewe? Huyu ni Fausta aliyefuturu kwetu akiwa Mkristo, aliyelala kitanda chako, aliyemsuka Mama nywele. Tumekaa chumba kimoja miaka miwili.

Wiki iliyofuata nilirudi kijijini. Siku ya mkutano likaja gari la shirika na meneja wa tawi mwenyewe. Akina mama walifurahi, walidhani ushauri wetu umefika. Kweli ulikuwa umefika. Mimi na Anneke tulikuwa tumeandika kwamba shirika liruhusu kazi ya mawe iandikwe wazi kwenye fomu, ili watu waache kuogopa. Meneja hakulizungumzia hilo. Alifungua karatasi akasoma majina saba kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mwalimu anayeita mahudhurio, na baada ya kila jina akaeleza mhusika alifanya nini na mkopo. Maneno yalikuwa yangu. Niliyajua sentensi kwa sentensi. Halafu akatangaza kwamba hao saba wametolewa kwenye shirika, na kwamba waume zao, kwa kuwa ndio waliowadhamini, wataandikiwa barua za kuwaeleza sababu.

Jina la Mama Kulwa lilikuwa la kwanza. Hakumtazama meneja. Alinitazama mimi, nami nikainamisha kichwa. Kama ningesimama nikasema neno moja tu, labda leo ningekuwa mtu mwingine. Sikusimama. Akina mama walitoka mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyenitukana.

Nilikwenda senta kwa miguu. Fausta alikuwa anapiga pasi blauzi yake. Nilimuuliza kama ni yeye aliyempa meneja ukurasa wa mwisho. Hakukana. Alisema meneja alimuuliza ushahidi uko wapi, naye hakutaka ripoti yetu ionekane ya kubuni.

Nikamwambia tuliwaahidi wale akina mama.

"Wewe uliwaahidi," alisema. "Sisi tuliletwa na shirika, Rehema. Wale hawakutuita."

Kisha akaniambia, huku akiendelea kunyoosha kola, kwamba amepata nafasi ya kazi hapo hapo tawini, ataanza akimaliza mtihani wa mwisho. Alisema nami anaweza kuniombea. Aliyasema kwa wema, dada. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hakujua kama ameniua. Nilichukua daftari langu mezani. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umekatwa kwa wembe, umenyooka vizuri, hauna hata ukingo uliochanika.

Anneke alipopata habari alilia sana, akamwandikia meneja barua kali, na Ijumaa akapanda ndege kurudi kwao. Likizo yake ilikuwa imekwisha. Mimi nilimfuata meneja ofisini Shinyanga nikamwomba afute jina langu kwenye ripoti. Aliniagizia soda. Akasema ripoti imeshatumwa kwa faksi kwa wafadhili, na kwamba mimi ni binti mwenye uchungu na watu, sifa nzuri katika kazi hii.

Barua ya shirika kwa Baba Kulwa ilipelekwa na mtendaji wa kijiji. Nilisimuliwa na jirani. Alisomewa, akaenda kukamua ng'ombe, akarudi, ndipo akamwambia mkewe kwamba angeweza kumsamehe mawe, lakini hawezi kukaa na mke ambaye siri zake anazijua msichana wa chuo na yeye mwenye nyumba hazijui. Kesho yake Mama Kulwa akarudi kwao Tinde, kwa mama yake.

Nilijizuia siku nane. Juzi nikapanda basi mpaka Tinde, nikaulizia mpaka nikafika. Nilimkuta yeye na mama yake mzazi wanaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha. Hakunifukuza. Alinipa kigoda na maji, akaniuliza hali ya homa yangu. Nilipiga magoti nikamweleza habari yote ya Fausta, kuanzia chumba chetu cha chuoni mpaka ule wembe. Nililia. Yeye alisikiliza huku akigeuza michembe juani.

Nilipomaliza akaniuliza, "Jina langu aliliandika rafiki yako, au uliliandika wewe?"

Nikamwambia niliandika mimi.

"Uliniambia halitatoka kwako. Mimi sikumwambia rafiki yako kitu. Simjui."

Dada, nilikuwa nimekwenda nikiwa nimesalitiwa, na nikaona kwamba kwa huyu mama mimi na Fausta hatuna tofauti. Majina yale yangeweza kukaa kichwani mwangu. Walikuwa wanawake saba tu. Niliandika majina yao kwa sababu nilitaka kazi yangu ionekane nadhifu.

Baadaye akaniambia kwamba anataka kumwandikia mumewe, na kwa kuwa yeye hakusoma, nimwandikie. Nilifurahi mno. Niliona kama mlango umefunguka. Alisema maneno machache: kwamba aliponda mawe ili watoto wasome, kwamba kumficha mumewe lilikuwa kosa na analikiri, na kwamba akimtaka atamkuta Tinde. Nikamwomba niongeze kwamba kosa ni langu mimi.

"Usiongeze," alisema.

Niliandika kama alivyosema, herufi kubwa kubwa, nikaikunja. Akanyoosha mkono akaichukua. Hakuitia kwenye bahasha. Alitoka nayo mpaka nyumba ya pili, kwa katekista, akamwita uani, na mimi nikiwa nimekaa pale pale kwenye kigoda nikasikia yule mzee anamsomea kwa sauti barua niliyoiandika, neno kwa neno, naye Mama Kulwa anaitikia, "Eeh. Eeh. Ndivyo." Aliporudi aliniaga kwa adabu, akanifungia michembe kwenye gazeti nile njiani.

Baba Kulwa bado hajajibu. Mimi napanda treni keshokutwa. Fausta aliomba tusafiri pamoja, nikamwambia nitatangulia peke yangu. Akija huko Lushoto kama kawaida yake, mpokee, mpe chakula, sitaki mgombane kwa ajili yangu. Lakini akikuambia kwamba tumeshayamaliza, usimwamini. Na mimi nikikusimulia siku nyingine kisa hiki nikimlaumu yeye peke yake, usiniamini.

Nisalimie sana Mama, umwambie nakuja na afya yangu. Msalimie Shemeji na fundi wake wa kuezeka, Bibi wa mtaa wa juu, na Mjomba aliyenilipia nauli ya kuja huku akidhani naenda kuwasaidia watu. Huyo mwambie tu kwamba nimefika salama na kazi imekwisha. Watoto wapapase vichwa kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Rehema