Mate Yangu na Maji ya Mbwaa

Stanmore, London
4 Februari 2024

Dada Jedidah,

Hujambo, mkubwa wangu? Goti linasemaje? Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kudanganya.

Kaa chini. Ndugu yako amethibitishwa kuwa Myahudi, damu na mifupa. Cheti kiko njiani.

Haya, hakuna cheti. Kuna kichupa tu alichoninunulia binti yangu Mwende. Nitatema mate, wataalamu wapime ukoo wetu tangu zamani. Unakumbuka baba akisema sisi Wameru tulitoroka utumwani kisiwa cha Mbwaa, maji yakapasuka tukapita? Jirani yangu Leonard, mgane wa Kiyahudi, alisikia akasema, "Hiyo si hadithi yetu?"

Kila Ijumaa jioni, Sabato yao ikianza, nasikia watu wakiimba kwake, ng'ambo ya ukuta. Mwende yuko zamu hospitalini, mimi naongea na friji. Mate yakikubali, nitabisha hodi kama ndugu, sio kama ombaomba.

Mdogo wako,
Zephaniah

Meru
1 Machi 2024

Ndugu yangu Zephaniah,

Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Wewe unakula? Hata uongo wako nimeukosa.

Mate si ya kuchezea. Baba akibariki mtu alishika kwanza asali mdomoni, ndipo akampulizia kifuani. Usiwatemee wageni mate matupu wakasema hatukulelewa. Na ukishakuwa Myahudi, nguruwe wa harusi ya mwanangu Eddie ataliwa na nani?

Dada yako,
Jedidah

Stanmore, London
19 Mei 2024

Dada,

Goti je? Mimi mzima, ila masikio hayana kazi.

Nilikutii. Nikajaza asali mdomoni, nikapuliza kichupani na kwenye sketi ya Mwende. Wamejibu kwamba mate yameharibika, hayapimiki. Mwende hanunui kingine.

Nikabisha hodi kwa Leonard hivyo hivyo, bila ukoo. Alicheka mpaka akakohoa. "Asali! Na mimi nakungoja ubishe tangu mwaka jana!" Kumbe waimbaji hawapo, ni kanda ya zamani ya marehemu mkewe akiimba na wenzake. Tulikula pamoja Ijumaa chache, tukibishana maji yalipasuka upande gani. Kisha mwanawe akaja kumhamishia kwake, mbali. Sasa ukuta ni ukuta tu.

Kupimwa sitaki tena. Lakini una deni langu. Siku naondoka nilikuomba unitemee baraka, ukasema, "Baraka ni ya anayehama. Wewe si unarudi Krismasi?" Krismasi ngapi sasa, dada?

Barua yako ijayo usiifunge kwa gundi. Shika asali mdomoni, ulambe bahasha.

Mdogo wako,
Zephaniah