Toyota Isiyotaka Kupita

Jumatatu, 2 Oktoba 2000

Viazi magunia sitini, kabichi juu, mama wanne wa soko juu ya kabichi. Tumetoka Butembo saa moja kasoro. Matope. Gia ya pili mpaka Maboya, ya kwanza kwenye mlima.

Kasereka tena, na ile Toyota yake nyeupe ya abiria. Alinikuta kwenye mpando akaanza honi kama mtu aliyekanyagwa kidole. Kamyo limebeba tani saba, linapanda, matope mpaka kwenye ekseli, naye anataka niruke pembeni nimwachie mfuo wa magurudumu. Mfuo wenyewe ni mmoja! Tangu vita ianze hakuna aliyemwaga hata beleshi moja la changarawe kwenye barabara hii. Anayepanda na mzigo ndiye mwenye njia. Kanuni hiyo niliikuta, sikuitunga mimi.

Nilipofika pa kujibana nikajibana, nikawasha taa ya kuume. Taa ya kuume, kwa aliye nyuma yako, ni kumwambia: pita, mbele ni salama. Ya kushoto: kaa hapo hapo, kuna kitu. Aliye nyuma ya kamyo haoni mbele. Anapita kwa macho yangu. Miaka ishirini na sita sijamdanganya mtu kwa taa hiyo, hata mjinga.

Akapita. Hata honi ya asante hakupiga. Nyuma ya gari ameandika WIVU YA NINI. Nimeisoma mara nyingi kuliko Zaburi.

Jumatano, 4 Oktoba

Jana gari limetegwa mbele ya Kabasha. Watu wamevuliwa mpaka viatu, dereva amevunjwa taya. Parking nzima, pale madereva tunapopakia, haina habari nyingine. Nani walikuwa? Kila mtu na jibu lake. Wenye bunduki ni wengi siku hizi, na sare haisemi kitu. Jambo moja tu wote tumekubaliana: walijua gari limebeba nini. Kuna mtu aliwaambia. Mtu wa barabara, mmoja wetu.

Tukaangaliana. Nikaenda zangu kutazama mafuta ya breki.

Ijumaa, 6 Oktoba

Ajabu. Kasereka alikuwa nyuma yangu tangu mjini. Hakupiga honi. Pa kwanza pa kujibana nikampa taa ya kuume. Hakupita. Nikafikiri hakuiona. Pa pili, taa tena. Hakupita. Mpaka Beni hakupita. Kilomita hamsini na kitu anakula moshi wangu, mtu ambaye Jumatatu tu angenipita hata ndani ya kanisa.

Sipendi.

Jumatatu, 9 Oktoba

Tena. Nikipunguza, anapunguza. Nikikaza, anakaza. Nikasimama, nikajifanya naangalia tairi. Naye akasimama, hatua hamsini nyuma, injini inanguruma. Nikamwendea.

"Pita basi, Kasereka. Leo nimekupa njia mara tatu."

"Hapana, papa. Tangulia tu. Siko na haraka leo."

Kasereka hana haraka! Na macho yake hayakuwa usoni kwangu. Yalikuwa kwenye turubai. Alikuwa anapima mzigo, nilimwona. Ndani abiria wanne, wote kimya. Mama mmoja aliponiona alijifunika kitenge mpaka kidevuni, kana kwamba mimi ndiye wa kuogopwa.

Nimerudi kwenye usukani nikiwa na jasho.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimemweleza mke wangu. Masika anasema kijana anaogopa tu, ana mke, ana mtoto anayenyonya, vita imemfundisha adabu. Anasema tangu vita mimi nimekuwa mtu wa moyo mbaya, hata jirani zetu hapa Vulamba nawachungulia dirishani kabla ya kuwafungulia. Ni kweli nawachungulia. Lakini kikulacho ki nguoni mwako.

Ninavyoona mimi: yeye nyuma, wenzake mbele. Kamyo likizibwa nyuma halina pa kukimbilia. Ndiyo kazi aliyopewa.

Alhamisi, 12 Oktoba

Parking ya Beni. Wamekaa madereva kama wanane, Kasereka katikati. Nilipokaribia, maneno yakakatika. Wote wakanipisha kwenye benchi, hata mkubwa wa madereva, mtu ambaye hampishi hata padri. Shikamoo za kuzidi. Mtu wa miaka arobaini ananiinamia mimi! Heshima ya namna hiyo inanuka. Amewaambia nini juu yangu?

Kisha yeye mwenyewe, kwa sauti ya upole:

"Siku ya kwanza inayokuja utabeba nini, papa?"

"Viazi," nikasema.

Uongo. Siku ya kwanza ndiyo Jumatatu, na Jumatatu nabeba vitenge, marobota kumi na mawili, mali ya mfanyabiashara mmoja wa Butembo ambaye hajawahi kuniaminia mzigo kama huo. Watu watatu tu wanajua. Sasa kwa nini ameuliza Jumatatu? Kwa nini hakuuliza kesho?

Leo asubuhi pikapu ya mchele wa Mabalako imetegwa barabarani kwetu. Mimi nilikuwa nimepita pale pale saa moja kabla. Sikuguswa. Sijaguswa hata mara moja, tangu yalipoanza mambo haya. Nimejiuliza mchana kutwa na sioni jibu lingine: ananitunza. Kama mbuzi wa Noeli.

Jumapili, 15 Oktoba

Mchungaji amehubiri juu ya kumpenda jirani. Kasereka ni Mkatoliki, alikuwa kwenye misa yao. Sikumwombea.

Jumatatu, 16 Oktoba

Niandike yote sasa hivi, kabla sijaanza kuyapanga vizuri.

Vitenge chini, viazi juu kuvificha. Sikubeba abiria. Yeye nyuma yangu tangu Butembo. Baada ya Maboya hakuna gari lililotoka mbele. Nusu saa nzima. Hakuna baiskeli. Hakuna chukudu hata moja, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, inayoteremsha ndizi. Hakuna mama mwenye kuni. Kwenye kona ya mikaratusi, pale wanapouzia avoka, gunia lilikuwa limetandikwa, avoka zimepangwa vizuri tano tano, na muuzaji hayupo.

Niliona. Nilielewa. Mtu wa barabara haelezwi jambo hilo.

Ilinipasa niweke taa ya kushoto na kusimama. Kidole kilikuwa tayari pale. Nikaangalia kwenye kioo nikamwona anakuja polepole nyuma yangu, amenishika mkia kama siku zote, hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nikasema: kama ni mtu wao, watamwacha apite, nami nitajua. Na kama si mtu wao. Hiyo sikuimaliza.

Nikajibana mpaka kwenye mfereji. Nikasimama kabisa. Nikaweka taa ya kuume. Nikatoa na mkono dirishani: pita, pita.

Akapita. Alinipungia. Nadhani alicheka.

Akaingia kwenye kona. Nilisikia mlio mmoja wa bunduki, kisha mingi pamoja. Mimi nimekaa, mkono bado uko nje ya dirisha. Abiria wake walikimbilia kwenye mihogo, wote wazima, Mungu ni mkubwa. Gari la askari likasikika linakuja kutoka upande wa Beni, wale watu wakachukua mabegi wakaingia msituni. Mimi hawakunifikia.

Nilimkuta kwenye usukani. Mguu wa kushoto. Nikamfunga kwa mkanda wangu, nikambeba, nikamlaza kwenye kabini. Nikageuza kamyo mahali ambapo kamyo haligeuki, nikarudi Butembo kwa mwendo ambao sijawahi kuuendesha maishani. Nilimpigia honi kila aliyekuwa mbele yangu, niliwatukana. Wote walinipa njia.

Jumanne, 17 Oktoba

Wameukata. Juu ya goti. Ni mguu wa kukanyaga klachi.

Vitenge vimefika salama na kamyo la mtu mwingine.

Jumatano, 18 Oktoba

Nimekwenda hospitali. Nilitaka nimwone tu kupitia mlangoni, lakini mke wake, Kavira, alinikamata mkono akaniingiza. Kasereka amekuwa mdogo kitandani. Alimwambia mke atoke kidogo. Nilijua: sasa anasema.

Akasema hivi, nayaandika kama alivyoyasema:

"Papa, unisamehe. Batu ya parking balikuwa banasema weye uko mutu ya bale benye kutega magari. Sababu kamyo yako habaigusake hata siku moja. Banaiba ya mbele, banaiba ya nyuma, yako hapana. Na mi nilisema vile vile. Njo maana nilikuwa nakufwata. Nilisema, nikikaa nyuma ya mutu yao, nitafika. Hata abiria balikuwa banalipa kwangu sababu banajua nafwataka kamyo yako."

Nilikaa kwenye kitanda cha jirani yake.

Basi ile shikamoo ya kuzidi. Ule ukimya. Yule mama na kitenge chake. Swali la Jumatatu: alitaka kujua kama nasafiri, apate kujificha nyuma yangu. Hakuna zaidi. Kijana alikuwa anaogopa tu. Masika aliniambia kwa maneno hayo hayo.

Nikamuuliza kwa nini alipita siku ile, wakati siku zote alikataa.

"Siku zingine uliweka taa tu. Lakini siku ile ulisimama, ulitoa na mukono. Nikasema, papa ananihurumia, ananiambia wazi njia iko muzuri."

Kisha akanitazama usoni, sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

"Uliona kitu, papa?"

Nimesema: "Hapana."

Akafumba macho. "Nilijua," akasema. "Kama ungekuwa mutu yao, ungeniacha pale pale."

Ijumaa, 20 Oktoba

Parking ya Butembo. Mkubwa wa madereva alisimama juu ya tairi akanyamazisha watu. Akasema mimi, Mzee Paluku, nilidhaniwa vibaya. Akasema Kasereka ametuma neno kutoka kitandani, na sisi wote tumemkosea mzee, na tangu leo mtu asilitaje tena jambo hilo. Wakaja mmoja mmoja kunishika mkono. Mmoja alilia, yule aliyevunjwa taya, hata kulia kwenyewe kunamwumiza.

Wameniomba msamaha kwa kunishuku kosa ambalo sikulifanya. Nikaitikia, "Tusameheane." Sauti ilitoka vizuri kabisa. Sikujua kama naweza kuwa mtu wa namna hii.

Jumapili, 22 Oktoba

Baada ya kanisa Kavira amekuja nyumbani, mtoto mgongoni, kuku mkononi. Jike, jeusi, zito. Mama yake amelileta kutoka Kamango, njia yote hiyo, kwa ajili yangu. Alipiga magoti mlangoni akanipa kwa mikono miwili.

"Bila weye, papa, ningekuwa mujane."

Masika alilia. Akampikia chai, akambeba mtoto, wakazungumza habari za gari: litauzwa, maana nani ataliendesha? Mimi nimesimama katikati ya nyumba yangu na kuku wa watu mikononi. Moyo wake ulikuwa unadunda kwenye vidole vyangu. Nilifungua kinywa mara mbili. Mara ya kwanza mtoto akalia. Mara ya pili hakulia mtu yeyote, nami nikasema karibu tena.

Jumanne, 24 Oktoba

Viazi, Beni, kwenda na kurudi. Mvua kidogo. Magari mawili madogo yalinikuta kwenye mlima, hakuna aliyepiga honi, yalisubiri. Kabla ya kona nilisimamisha kamyo, nikashuka, nikaenda mwenyewe kwa miguu mpaka upande wa pili, nikatazama, nikarudi. Ndipo nikawapa njia. Wananiona ni mzee mwema, mwangalifu.

Kuku yuko jikoni, kwenye kamba. Masika anauliza tutamchinja lini, wageni watakuwa wangapi, amwite nani. Nimesema kesho. Jana pia nilisema kesho. Amenitazama kidogo, kisha amemwagia kuku mahindi, akaendelea kumenya viazi.