Mara Tatu, Amelala

Jumatatu, 4 Machi

Mafunzo tena! Miaka kumi na moja nagonga milango ya watu kuulizia watoto wao, leo nakalishwa darasani kama niliyeajiriwa jana. Ofisi ya ustawi imetuletea msimamizi mpya, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, kila neno analipigia mstari kwa rula. Mwenzangu wa meza ya dirishani ameshambatiza: Bi Rula. Nimecheka hadi chai ikanipalia.

Kila wiki kila mmoja atakaa naye saa nzima na faili moja. Si kukaguliwa, anasema, ni kusaidiwa. Haya. Zamu yangu Jumatano. Nitampelekea la yule binti wa miaka minne anayelelewa na shangazi yake — Ijumaa nalifunga. Faili safi, halina doa. Aione kazi!

Jumanne, 5 Machi

Neno "salama" limepigwa marufuku kwenye ripoti. "Vizuri" pia. Andika ulichoona, ulichofikiri kisubiri. Dada mgeni wa kazi akauliza, sasa mtoto akiwa salama tuandikeje? Akajibiwa: andika anakula nini, na akiumia anamkimbilia nani. Sikumwambia mtu, lakini hilo nimelipenda.

Jioni mume wangu kasema mboga ni nzuri. Nikamsahihisha: sema umejiongezea mara mbili. Kasema kozi imenipanda kichwani.

Jumatano, 6 Machi

Bi Rula kanisomesha kwa sauti maandishi yangu mwenyewe. Ziara ya kwanza: nyumba safi, shangazi mkarimu, mtoto amelala. Ya pili: chakula kipo jikoni, mtoto amelala. Ya tatu: nguo za mtoto zimeanikwa, mtoto amelala. Kufika hapo sauti yangu ilikuwa imeshapungua yenyewe.

Ziara zote saa nne asubuhi. Rula yake ilibaki chini ya "amelala".

"Sauti yake ikoje?" akaniuliza.

Miezi minne. Sijui.

Nilipandwa na hasira. Mtoto wa watu amelala, nitamwamshaje? Ni adabu tu!

"Hiyo ni adabu ya mgeni, mdogo wangu. Wewe hukwenda pale kama mgeni."

Nimelia kidogo chooni, nimenawa uso, nimerudi. Hakunigombeza. Kasema yeye mwaka mzima aliandika "yuko shuleni". Sikuambiwa ilivyoishia, na sikuuliza.

Halafu tukafanya mazoezi. Yeye shangazi, mimi mimi. Kumbe anajua kuigiza! Kanikaribisha chai, kanisifia viatu, kanipa habari za majirani. Mara mbili nimejikuta nimeshika kikombe na nimesahau kilichonipeleka. Ya tatu nimeweza. Kesho tunakwenda wote. Yeye atabaki kwenye gari la ofisi, simu mkononi.

Naiweza kazi hii. Leo naijua zaidi kuliko juzi, basi.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika hapahapa, sebuleni kwa shangazi. Anadhani ni ripoti.

Saa nne kamili kanifungulia. Amelala, kasema. Nikamwambia nilivyojizoeza: "Sina haraka, dada. Nitakaa mpaka aamke."

Chai imeletwa. Sijaigusa. Anafuta meza ambayo ni safi. Kasema usiku anafanya usafi hospitalini, anarudi alfajiri, mtoto huwa hasumbui hata kidogo. Nilishawahi kuambiwa hivyo, nikaandika "mtulivu". Nina aibu.

Ninachoona: viatu vidogo mlangoni, soli hazijachakaa. Mdoli bado yumo kwenye nailoni. Juu ya kabati chupa tatu za dawa ya kikohozi, mbili tupu. Nimekaa dakika ishirini — hakuna aliyekohoa.

Nimemuuliza za nini. Kafuta meza tena. Kijiko kimoja tu, kasema, ili alale nikiwa kazini. Kisha akasema asubuhi pia, ili na yeye apate usingizi. Hana sura ya mtu mbaya. Ana sura ya mtu aliyechoka, kama mimi.

Nimempigia Bi Rula. Anashuka garini. Shangazi kaingia chumbani kumwamsha, pazia la mlango limerudi nyuma yake.

Anamwita. Kamwita tena. Mara ya tatu sasa, kwa nguvu.

Sauti ninayoisikia ni ya shangazi tu. Naingia —