Maiki Kwenye Kola

Mwenzangu, uko hapo? Nimejifungia bafuni hotelini. Sina uso wa kuwatazama watu.

Leo si ndiyo siku ya mwisho ya hija? Tumefika kwenye kaburi tupu la Bwana, nikaambiwa mimi niombe sala ya kufunga. Mwongoza watalii akanibandika maiki yake kwenye kola, ile ndogo ambayo kwayo kundi zima linamsikia kupitia vifaa vya shingoni vyenye waya wa masikioni.

Nimeomba, watu wamelia, amina. Kisha mimi na dada yangu tukaingia msalani.

MAIKI BADO NINAYO. INAWAKA.

Nikaanza kumsema mama mkwe. Unanijua nikifungulia. "Yule bibi analia kwenye kila jiwe kama amekodiwa! Nimechoka kumkokota. Natamani nimwache hapahapa kaburini."

Nimwache kaburini! Mimi! Amina haijanikauka mdomoni!

Mwongoza watalii akagonga mlango: "Mama, maiki! Wote wanakusikia!"

Natoka, kundi zima limekaa kwenye ngazi, wameinamia viatu vyao. Mchungaji anakohoa kikohozi ambacho asubuhi hakuwa nacho.

Mama mkwe akaja, akanishika mkono kama kawaida. "Mwanangu, mbona wenzetu wamenuna? Kifaa changu kimezimika tangu asubuhi, hata sala yako sikuisikia."

Nikamvua kile kifaa shingoni ili nikirudishe.

Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka.