Nilimwambia Mgeni Kwamba Hatujui Kitu

Mama Pelihna wa gazetini, barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, ya leo nisaidie kabla sijaichana nayo.

Nina miaka kumi na saba, nasoma mwaka wa kwanza wa uuguzi katika chuo kidogo cha kanisa hapa Kitti, kisiwani kwetu, na kuongea mbele za watu kwangu ni kazi, shuleni nimefundishwa kwa Kiingereza na nyumbani kwa lugha yetu, na kwa zote mbili nilichojifunza zaidi ni kunyamaza. Chuo chetu kinafundisha uuguzi miaka miwili tu, anayetaka digrii anapanda ndege kwenda Guam, sasa mwaka huu kimeomba kifundishe miaka minne, na mimi sikujua kwamba chuo hakiwezi kuamka tu na kujibadilisha, lazima tume ya ithibati ya ng'ambo ikubali kwanza, nayo haikubali kwa karatasi peke yake, inatuma watu. Walikuja watatu. Nilistaajabu, Mama Pelihna, watu wazima wenye mvi wamesafiri siku mbili ili wafungue makabati yetu, wahesabu vitanda vya mazoezi, wafungue bomba wasimame kuangalia maji yakitoka, halafu wakasema sasa tunataka wanafunzi, mmoja mmoja, bila walimu.

Zamu yangu ilipofika nilimkuta mama mmoja amevua viatu mlangoni kama sisi, ameshika penseli. Akaniuliza hospitalini tunakwenda mara ngapi. Nikainamisha macho nikasema, "Mara chache tu. Hatujui kitu sisi." Akaandika. Kila nilichosema aliandika, hakuna mtu mzima aliyewahi kuandika maneno yangu, na mimi kwa kuishangaa ile penseli ikitembea nikaendelea, vifaa vyetu vibovu, masomo yetu madogo, mtusamehe mmetoka mbali bure. Si kweli hata moja. Tunakwenda siku tatu kila wiki, nimefunga vidonda hadi nimesahau idadi, nimepokea kichanga kwa mikono yangu hii. Nilikuwa nasema tu kama bibi yangu anavyowaambia wageni, kiazi kikuu kimeletwa na wanaume wanane, nguruwe wako kwenye mawe ya moto, naye anasema tusameheni, leo hatuna chakula.

Wiki iliyopita rasimu ya ripoti ikafika. Mjomba Dakio, ndugu wa mama, ambaye ndiye mkuu wa chuo, alikuja nyumbani akatusomea mstari mmoja: wanafunzi wenyewe wanasema mazoezi ya hospitalini ni machache. Akasema mstari huo peke yake unaweza kuzuia miaka minne. Watu wote wanamshuku Ewalt wa darasani kwetu kwa kuwa ana mdomo, wanamwambia, "Ewalt, kaa mbali na penseli," na siku hizi hacheki tena. Mimi ndiye ninayesifiwa. Mjomba anawaambia watu wakisubiri sakau, mizizi ya kinywaji chetu, ipondwe, "Huyu bubu wetu kakaa na yule mama nusu saa, mimi mkuu mzima nilipewa dakika kumi."

Dada yangu Kasinta anamaliza mwaka wa pili hapo hapo chuoni mwezi ujao. Tume ikikataa atakwenda Guam, mwanawe wa miaka miwili atabaki, na ameshaanza kumzoesha kulala na mimi. Chuo kina mpaka Ijumaa hii kujibu rasimu. Nikisema, mjomba nitamtazamaje? Nikinyamaza, yule mtoto nitamtazamaje?

Mimi, Macho Chini, Kitti.

*

Macho Chini mwanangu,

Majina nimeyabadilisha, lakini gazeti likitoka asubuhi Kitti nzima itakuwa imekisia kufikia mchana. Kwa hiyo una asubuhi moja tu. Itumie.

Usijifiche nyuma ya bibi. Bibi akisema hana chakula, kiazi kiko pale mbele, na wale wanane bado wanafuta jasho. Mgeni anasikia maneno na anaona kiazi, ndipo maneno yanakuwa heshima. Wewe ulisema hatujui kitu, na kiazi ukakiacha shambani. Yule mama angekionaje? Aliandika alichopewa.

Nakuhurumia kwa hilo. Kwa Ewalt, hapana. Wiki nzima unamtazama anabeba kosa lako, nawe unakula sifa.

Sasa sikiliza. Zamani nilikuwa karani katika chuo kimoja, na hadi leo nastaajabu: ripoti yenye uwezo wa kufungua mlango wa miaka minne au kuufunga, kabla ya kupigwa muhuri inarudishwa kwa wenyewe, na wanaulizwa, tumekosea wapi? Wewe unawajua wakubwa wangapi wanaouliza hivyo? Ila hawaulizi kama mmefurahi. Wanauliza kilicho kweli. Siku tatu kwa wiki ni kweli, na kila mwanafunzi wa uuguzi akiingia hospitalini anatia sahihi kwenye daftari la zamu.

Mwambie Kasinta sasa hivi. Nendeni mkaombe nakala za kurasa hizo tangu muhula uanze. Kisha ingia kwa mjomba, ofisini, si nyumbani, maana ofisini wewe ni mwanafunzi na yeye ni mkuu. Weka karatasi mezani kwanza, useme baadaye. Sauti ikikwama, karatasi zitakuwa zimeshaanza. Aiandikie tume kwamba mwanafunzi aliyesema vile amejisahihisha, na jina lako liwepo. Usikubali aandike kwamba mgeni alisikia vibaya. Alisikia vizuri sana. Mjomba atakasirika, kaa hapo hapo mpaka amalize. Ukitoka, mwombe Ewalt msamaha mbele ya darasa, kwa sauti inayofika nyuma.

Siwezi kukuahidi kwamba tume itakubali. Lakini ikikataa, ikatae kwa kilichopo, na Kasinta ajue hakuondoka kwa ajili ya aibu yako.

Na Jumamosi, ukienda karamuni na mgeni akikuuliza unasoma nini, inamisha macho umwambie hujui kitu, kama bibi. Kurasa za daftari zitakuwa zimeshafika mezani kwa tume.