Ukurasa wa Pili wa Ripoti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua na cherehani yako inazunguka bila kukwama. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio una neno, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu, ungeniuliza, nami ningesema sijambo.

Unaukumbuka ule mchezo wa simu niliokuletea mwaka jana uujaribu, "Kiraka"? Ule wa fundi anayeletewa nguo zilizochanika, na kila anapoziba tundu anagundua mwenye nguo alipatwa na nini. Ulikaa nao siku tatu, hadi pasi ikaunguza shati la mteja. Basi, mchezo huo umetoka miezi miwili iliyopita, na umeanguka vibaya. Tulitarajia kuuza nakala elfu ishirini. Hadi jana zimeuzwa mia tisa na kitu, na nyingi katika hizo zimerudishwa.

Sababu yake inaniuma kuliko kuanguka kwenyewe. Mkurugenzi wetu aliamua mchezo utoke kwenye mashine ya michezo inayochomekwa kwenye televisheni tu, ile ghali ambayo vijana huinunua kwa ajili ya mpira na vita. Alisema huko ndiko kwenye heshima, simu ni ya kupotezea muda kwenye foleni. Kisha akaja meneja wa masoko, ambaye sisi wadogo tunamwita Bwana Shangwe (mwenyewe hajui), akatengeneza tangazo. Humo fundi anachomoa sindano kama upanga, moshi unafuka, ngoma zinapigwa, na sauti nzito inauliza nani atasalimika. Nani atasalimika, Mama! Kwenye mchezo wa kushona vifungo! Mchoraji wetu, aliyeubuni mchezo huo na kuulea kwa miaka mitatu, alipooneshwa tangazo alisema kwa upole kwamba hamtambui mtoto wake, na kwamba kizuri chajiuza. Bwana Shangwe akacheka, akamwambia aliyetunga methali hiyo hakuwa na mshindani sokoni.

Waliodanganyika wakanunua. Wakaingia wakitafuta adui, wakakuta suruali ya mwalimu imechanika gotini. Maoni yao nimeyasoma yote, maana kuyasoma ndiyo kazi yangu. Mmoja ameandika kwamba ameuziwa vita akaletewa cherehani. Mwingine amesema mchezo huu tumpe bibi yake, akidhani anatutukana. Nilitamani kumjibu: mpe, tafadhali, mpe leo hii! Lakini bibi yake hana mashine ile, na kwenye simu sisi hatupo.

Jumatatu tuliitwa wote chumba cha mikutano. Mkurugenzi aliuliza kama kuna yeyote aliyewahi kumwonya. Akanituma niilete ripoti ya majaribio, akaipitia, hakuona onyo. Bwana Shangwe akasema tangazo lake limetazamwa na watu laki tatu, kwa hiyo yeye wageni aliwafikisha mlangoni; waliokimbia wamekimbia walichokikuta ndani. Akamtazama Mchoraji. Mkurugenzi akakubali kwamba mchezo wenyewe ndio umepooza, na mwenye mchezo aondoke Ijumaa. Barua ya kumwachisha kazi niichape mimi.

Baadaye Mchoraji alikuja mezani kwangu. Hakulalamika. Aliniuliza tu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekusanya fomu za majaribio, kama kweli hakukuwa na hata mtu mmoja aliyeupenda kwa dhati. Nilimjibu kwamba yote yamo kwenye ripoti. Akanishukuru, Mama. Akanishukuru!

Nimegeuza karatasi, na huku ndiko kwenye lile lililonifanya niandike.

Ofisini kwetu kila mtu anajua kwamba Mkurugenzi hasomi ukurasa wa pili. Ukitaka jambo lisomwe, liweke wa kwanza. Ukitaka uonekane umelisema bila kulisema, liweke wa pili. Watu mia tatu waliujaribu mchezo. Waliopewa kwenye televisheni walipiga miayo. Waliopewa kwenye simu, wengi wao watu wazima na wanawake, walituomba tusiwanyang'anye. Lakini siku nilipokuwa naandika ripoti, nilikuwa nimeshamsikia Mkurugenzi akisema koridoni kwamba suala la televisheni limekwisha. Nikaogopa. Ukurasa wa kwanza nikaandika kwamba wachezaji wengi wameridhika. Habari za simu nikazipeleka wa pili.

Na hilo ni dogo. Jumatatu ile, Mkurugenzi aliponituma niilete ripoti mkutanoni, nilisimama mbele ya kabati nikafikiria aibu itakayompata akioneshwa, mbele ya watu, ukurasa ambao hakuufungua. Nikang'oa pini. Nikaingia na karatasi moja. Ile ya pili ilibaki mkobani mwangu, imekunjwa mara nne. Hakuna aliyenituma. Ulinisomesha kwa sindano, Mama, nami elimu hiyo nimeitumia kung'oa pini.

Leo ni Alhamisi. Barua ya Mchoraji sijaichapa. Nimechapa ripoti upya, ukurasa mmoja tu, na juu kabisa, kabla ya tarakimu yoyote, nimeweka jibu lako. Fomu iliuliza mchezaji angependa kuuchezea wapi, nawe uliandika: "Kwenye simu. Televisheni ya nyumbani ina wenyewe, simu ni yangu." Tumelipa wataalamu wawili, na hakuna aliyetuambia hivyo. Chini yake nimeeleza nilichokifanya, nimetia sahihi, na ule ukurasa uliokunjwa nimeubana nyuma. Nimeviweka mezani kwa Mkurugenzi kabla hajafika. Sasa amefika, mlango umefungwa, namsikia anakohoa. Sijui kama anasoma.

Nikirudi nyumbani kabla ya likizo, usishtuke, na usiniulize mlangoni. Nitengee kiti karibu na cherehani, vifungo naviweza. Msalimie kaka na mkewe, na shangazi mwambie miwani yake nimeshaipata.

Mlango umefunguka, naitwa. Mkononi ameshika karatasi mbili, Mama. Ya pili ndiyo iko juu.

Wako akupendaye,

Kitindamimba wako