Kisu cha Baba Kimebanwa na Ala

Singida, kiangazi

Mama yangu,

Ugonile. Mwili wangu ni mzima, nakula, nalala. Natumaini barua hii imekukuta na wewe u mzima, na lile goti linakuruhusu kushuka mpaka migombani. Gwakisa mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole na usiruke mahali. Nakujua.

Mama, uliponipigia simu kuhusu kujengea kaburi la baba nilijibu "sawa, mama", nikakata. Najua lilikuwa jibu la kuvunja moyo. Nimeona niandike, maana kwenye simu maneno yangu huisha upesi siku hizi.

Habari za huku ni ukavu. Kiwandani tunakamua alizeti, mimi nabeba mashudu kutoka kwenye mashine kwenda stoo. Upepo unavuma na vumbi tangu asubuhi. Midomo inapasuka, visigino vinapasuka. Mlango wa chumba changu, ambao wakati wa mvua nausukuma kwa bega, sasa unachezacheza kwenye fremu mpaka nimeukunjia gazeti. Nayaona haya yote na wala hayanisumbui. Tangu nilipotoka huko kwetu Kinyala baada ya matanga niko hivyo. Wenzangu wakicheka nami nacheka, kwa kuwafuata tu.

Sasa nikwambie la kisu. Siku ile naondoka ulinipa mkononi kikiwa ndani ya ala yake, ukasema baba aliichonga masika yale yale ya mwisho, amekaa mlangoni na blanketi, na kwamba alisema ni ya yule wa Singida. Nilipofika hapa sikukichomoa hata mara moja. Nilikitundika kwenye msumari juu ya jiko la mkaa, kama wewe unavyotundika kila kitu juu ya moto. Mazoea yana taabu, mama. Huko kwetu kitu kisipopata moshi kinaota ukungu na chuma kinashika kutu. Huku hakuna ukungu wa kufukuza, nami nimekaa miezi naikausha ala katika nchi ambayo imekauka yenyewe.

Uliposema nije nacho, kwamba mimi ndimi mtoto wa kwanza na ng'ombe wa kaburini lazima nimchinje mimi, kwa kisu cha baba, mbele ya wakwe na wazee wa kanisa, ndipo nikakishusha. Nikavuta. Hakikutoka. Nikaibana ala kwa magoti nikavuta tena, na mdomoni mwake nikaona ufa mwembamba umeanza.

Nilikipeleka kwa mzee Issa, fundi wa ngozi hapa sokoni, anayewashonea wafugaji viatu na ala za sime. Aliigeuzageuza ala, akainusa, akaniuliza kwetu kukoje. Nikamwambia kwetu nguo zinaanikwa na kuanuliwa bado mbichi, na hata jua likiwaka watu wanatembea na miavuli. Akacheka, halafu akasema, "Huu mti wa mringaringa ulichongwa mbichi. Aliyeuchonga hakuwa na nafasi ya kungoja ukauke. Huku umenywea, umekumbatia chuma. Nikiulazimisha utapasuka."

Akasema anaweza kuipasua vizuri, atoe kisu, kisha anishonee ala ya ngozi. Lakini akanionya kwamba ngozi ya huku nikiipeleka kwenye mvua za kwetu itakunywa unyevu, italegea, na kisu kitakuwa kinaanguka chenyewe. Nikamwomba asiipasue. Akasema basi niirudishe ilikotoka, niitundike barazani penye ukungu wa asubuhi, mbali na moto, na niiache. Mti ukishiba unyevu utaachia wenyewe.

Kwa hiyo nimeomba ruhusa kazini, nitakuja mapema kabla ya shughuli. Shangazi asiitie ala ile jikoni hata kidogo. Mwambie ni mimi nimesema, maana yeye akiona kitu cha mti kinalowa hakai.

Lakini kuna jambo lingine, ndilo lililonifanya niandike. Kisu kilipokataa kutoka, mama, nilifurahi. Ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni tangu msiba. Nilifikiri, basi, kimebanwa, watatafuta kingine, na Gwakisa atachinja. Siku ile nilifika baba ameshazikwa, nikakuta udongo na maua yaliyolowa. Shangazi alilia mbele yangu akingoja nami nilie, nikamwuliza kama maji ya kunawa yapo. Najua watu walisema. Sikulia njiani, wala huku sijalia. Naona kama nikimchinja yule ng'ombe nitakuwa nimekubali kwamba baba hayupo, na sijui kitakachonitoka baada ya hapo, au kama kipo cha kutoka.

Msalimie shangazi, na Gwakisa asimsomee hapo juu. Wasalimie mjomba wa Masukulu na mchungaji aliyekaa nawe matanga yote. Ndaga fijo kwao, nawashukuru sana. Gwakisa, ukimaliza kusoma, kamtazame ng'ombe, na usinoe kisu kingine kwa ajili yangu.

Mama, mvua za huko nazijua, ala italegea. Siku hiyo ukiniona nimesimama mbele ya ng'ombe, mkono uko kwenye mpini, na kisu bado hakitoki, usiwaambie watu ni ala imebana. Waambie ni mimi. Kisha uje unishike mkono.

Mwanao,
Ambokile